Alamu ya nyumba bila simu ya mezani: redio, laini au faiba?

Mtu anayefunga alamu leo Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam haulizi tena habari za simu ya mezani. Nyaya za shaba ziliibwa mitaani mpaka zikaachwa, na nyumba mpya hazina hata tundu la simu ukutani. Hata hivyo, ukifungua paneli nyingi (kisanduku kikuu cha alamu) zinazouzwa madukani utakuta skrubu mbili zilizoandikwa TIP na RING, kwa sababu paneli hizo zilibuniwa kupiga simu. Skrubu hizo zikibaki tupu na pasiwepo njia nyingine, ulichonunua ni king'ora tu: kinalia, majirani wanageukia upande wa pili, basi. Ili iwe alamu inayoangaliwa, ishara lazima itoke nje ya nyumba, ifike kituo cha kampuni ya ulinzi, ambacho walinzi wenyewe hukiita kontroo, na kontroo itume gari.

Njia zinazotumika kweli kwetu ni tatu: redio ya kampuni, laini ya simu ya mkononi, na intaneti ya faiba. Ipo ya nne, ya SMS kwa mwenye nyumba, ambayo wauzaji huiita uangalizi ingawa haifanani nao. Kila njia ina sifa zake kwenye karatasi ya mauzo. Sisi tunazipima kwa maswali mawili tu: njia hii huuawa na nini, na ikishakufa, kontroo hujua baada ya muda gani?

Kinachosafiri ni nini hasa

Saa nane usiku mlango wa jikoni unafunguliwa. Sumaku iliyo kwenye mlango inaachana na swichi iliyo kwenye fremu, na paneli inatunga ujumbe wa tarakimu 16 katika mfumo uitwao Contact ID, ambao karibu kila kontroo inauelewa:

4521 18 1 130 01 003 5

4521 ni namba yako ya mteja. 18 hutambulisha aina ya ujumbe. 1 maana yake tukio limeanza (hali ikirudi kawaida huwa 3). 130 ni uvunjaji. 01 ni sehemu ya nyumba, 003 ni kanda ya tatu, yaani mlango wa jikoni. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki: jumlisha zote, kila sufuri ukiihesabu kuwa 10, na jumla lazima igawanyike kwa 15. Hapa inatoka 75. Kosa la tarakimu moja njiani linafanya hesabu ikatae, na ujumbe unatupwa.

Namba nyingine zinazofaa kuzijua: 120 ni kitufe cha hatari, 121 ni namba ya siri ya kulazimishwa (ile unayobonyeza ukiwa na mtu kisogoni), 301 umeme umekatika, 302 betri imechoka, 602 jaribio la kawaida la kila siku. Ukiomba kontroo ikutumie orodha ya ishara zako za mwezi, hizi ndizo utakazoziona. Orodha isiyo na 602 hata moja ni ya kutilia shaka.

Kwenye simu ya mezani ujumbe huo ulisafiri kama sauti. Kontroo ilipokea simu, ikatoa milio miwili ya 1400 na 2300 Hz, na paneli ikajibu kwa milio ya vitufe, kila mmoja ukidumu kama milisekunde 50. Weka hilo akilini, kwa sababu linaharibu nyumba nyingi, kama tutakavyoona kwenye laini.

| | Redio ya kampuni | Laini (data) | Faiba | SMS kwa mwenyewe |
|---|---|---|---|---|
| Ishara hufika kwa | sekunde chache | sekunde 2–10 | sekunde 1–3 | sekunde hadi saa kadhaa |
| Njia ikifa, kontroo hujua | jaribio lijalo likikosekana, mara nyingi saa 6–24 | dakika 1–30, kadiri ilivyopangwa | dakika chache | hakuna kontroo |
| Hutegemea umeme wa | betri ya paneli | betri ya paneli na ya mnara | ruta yako na vifaa vya mtoa huduma | betri ya paneli na ya mnara |
| Udhaifu mkuu | haisikii jibu | bando, mnara, mawimbi kuzibwa | umeme na waya wa nje | wewe umelala |

Redio

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote tatu, na wengi huidharau kwa sababu haina programu ya simu wala picha. Kampuni ina masafa yake iliyopewa leseni, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania na TCRA. Kwenye nyumba yako inafunga kirushio chenye nguvu ya wati 5 hivi, na antena juu ya paa. Ukitazama antena utajua masafa: fimbo ya sentimita 45 hivi ni VHF, ile fupi ya sentimita 16 ni UHF. Ishara huenda moja kwa moja hadi kontroo, au hupokelewa na mtambo wa kati ulio mlimani au juu ya ghorofa refu na kurushwa tena.

Uzuri wake ni kwamba haimtegemei mtu mwingine. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, na sehemu nyingi zikasubiri umeme hadi siku iliyofuata. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea kwa siku kadhaa. Januari 2021 Uganda ilizima intaneti nchi nzima wakati wa uchaguzi. Redio ya kampuni yenye jenereta kontroo na betri nzuri kwenye mtambo wake wa kati haikuwa na sababu ya kusimama katika siku zozote kati ya hizo.

Ubaya wake ni kwamba redio nyingi za aina hii husema tu, hazisikii. Zinarusha ujumbe mmoja mara kadhaa kwa vipindi vya kubahatisha, zikitumaini kwamba angalau mmoja utapita bila kugongana na wa nyumba nyingine. Hakuna anayejibu "nimepokea". Kama antena imeng'olewa leo saa tatu asubuhi na jaribio la kila siku ni saa mbili asubuhi, nyumba ni bubu kwa saa 23 na hakuna anayejua. Ndiyo maana swali la kwanza kwa kampuni ya redio ni: jaribio linarushwa kila baada ya saa ngapi? Saa 24 ni kawaida. Saa 6 ni afadhali sana, na kubadilisha ni suala la programu ya paneli tu, si la fedha. Swali la pili: likikosekana, mnafanya nini, na nani ananipigia?

Kasoro za redio tunazoziona zinajirudia. Wapaka rangi huinamisha antena au kuitoa kabisa, kisha wanairudisha chini ya mabati badala ya juu yake. Pwani, chumvi inakula kiungio cha waya wa antena. Kwa nje kinang'aa, ndani kimegeuka kijani. Ghorofa sita zinaota kwenye kiwanja cha jirani, katikati yako na mtambo wa kati. Na kuna ile inayodanganya kuliko zote: betri iliyochoka. Ikiwa imetulia inaonyesha volti 12.6 kama kawaida, lakini kirushio kikivuta ampea 1 na nusu kwa mpigo, volti zinaporomoka, redio inazimika katikati ya sentensi. Jaribio la kila siku linapita vizuri kabisa, kwa sababu wakati huo umeme wa gridi upo. Mwizi anayezima swichi kubwa kwanza ndiye atakayeigundua kasoro hiyo kabla yenu.

Jambo dogo linalozua ugomvi bure: umeme ukikatika mtaa mzima, usitegemee kontroo ikupigie baada ya dakika mbili. Nyumba mia tatu zikirusha 301 kwa sekunde ileile zitagongana zote, kwa hiyo mafundi wazuri huchelewesha ishara hiyo kwa dakika 30 hadi 60, na huchanganya muda kati ya nyumba na nyumba.

Zaidi ya hapo, redio ni mali ya kampuni. Ukihama kampuni wataing'oa, na kampuni mpya italeta ya kwake. Si hila, masafa ni yao. Lakini ujue kabla ya kusaini mkataba wa miaka mitatu.

Laini ya simu ya mkononi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa sababu vifaa viwili vinavyofanana kwa nje hufanya kazi tofauti kabisa.

Kifaa cha kwanza kinajifanya simu ya mezani. Unaweka laini ndani, unaunganisha nyaya mbili kwenye TIP na RING, paneli inasikia mlio wa kupigia na kuamini kwamba iko kwenye shaba. Inapiga simu, milio inatoka. Lakini mtandao wa simu za mkononi hubana sauti ili isomeke kama sauti ya binadamu, na milio ya milisekunde 50 si sauti ya binadamu. Tarakimu zinamezwa, uhakiki unakataa, paneli inarudia, inakata, inapiga tena. Siku ya majaribio inaweza kupita mara mbili kati ya tatu na fundi akaondoka ameridhika. Baadhi ya huduma za simu za mezani zinazopita kwenye intaneti zina ugonjwa huohuo, hasa zikibana sauti kwa mfumo wa G.729 badala ya G.711.

Kifaa cha pili kinaunganishwa kwenye skrubu zilezile, ila chenyewe ndicho kinachotoa milio ya 1400 na 2300 Hz. Kinasikiliza tarakimu 16 palepale kwenye paneli, kwenye waya wa sentimita 20 usio na matatizo, kisha kinazituma kontroo kama data, kwa kawaida kwa mfumo wa SIA DC-09, na kusubiri jibu. Kontroo isipojibu, kinajaribu anwani ya pili. Hiki ndicho unachotaka. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: "Kinazipitisha toni, au kinazisoma chenyewe na kutuma data?" Asiyeelewa swali asikufungie.

Paneli mpya zina moduli ya simu (kipande kinachobeba laini) ndani yake na hazihitaji ujanja huu wote.

Uzito wa data si hoja. Ujumbe wa "niko hai" pamoja na bahasha yake ni baiti 300 hivi. Ukitumwa kila dakika, ni mara 1,440 kwa siku, kama KB 430, yaani MB 13 kwa mwezi. Ongeza ishara zenyewe na marudio, MB 30 zinatosha. Kinachoua laini hizi ni aina ya bando. Bando la siku linaweza kuisha usiku wa manane, wakati mbaya kuliko wote. Bando la mwezi linaisha siku ambayo mwenye nyumba yuko safarini. Laini isiyowekwa vocha kwa miezi kadhaa hufungwa na mtandao. Na tumeona laini nyingi zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha fundi aliyekwisha acha kazi: ikifungwa, hakuna mwenye haki ya kuifungua. Laini iwe ya malipo ya baada, au ya kampuni ya ulinzi, na kama ni yako isajiliwe kwa jina lako. Kabla ya kuiweka ndani ya moduli, iweke kwenye simu ya kawaida, ondoa namba ya siri ya kufungulia laini, na hakikisha data inapita.

Nguvu ya mawimbi husomwa kwenye moduli kama namba kutoka 0 hadi 31. Zidisha kwa 2, toa 113, unapata dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba 15 ni −83, namba 10 ni −93. Chini ya 10 tusifunge bila antena ya nje. Tatizo la kawaida ni lilelile la mabati, kuzidishwa mara mbili: moduli ndani ya kasha la chuma, kasha chini ya paa la chuma, na antena ndogo ya kubandika imebandikwa ndani ya kasha. Itoe nje ya kasha, upande wa dirisha, na mbali na paneli angalau nusu mita.

Moduli ya 2G pekee ni rahisi na kwa sasa 2G bado inabeba ishara Kenya na Tanzania. Lakini paneli hukaa ukutani miaka kumi na zaidi. Marekani, AT&T ilizima 3G tarehe 22 Februari 2022 na Verizon ikafuata tarehe 31 Desemba mwaka huohuo; alamu zilizokuwa na moduli za zamani zilibaki bila sauti mpaka zibadilishwe. Kama unanunua leo, nunua ya 4G inayoweza kushuka 2G.

Je, laini mbili za mitandao miwili? Zinasaidia, lakini si kama zinavyouzwa. Vifaa vingi vyenye nafasi mbili vina modemu moja tu. Laini ya kwanza ikifa, modemu inajisajili upya kwenye ya pili, na hilo huchukua dakika moja hadi tatu. Pia mitandao shindani mara nyingi hupanga kwenye mnara mmoja wa kampuni ya minara, ikitumia betri na jenereta zilezile. Mnara ukilala, zote mbili zinalala.

Kuhusu vizuia mawimbi vya wezi: laini haina kinga dhidi yavyo, ina uwezo wa kugundulika tu. Kontroo ikitegemea kusikia "niko hai" kila sekunde 90 na isisikie, inajua ndani ya dakika chache. Ikiwa imepangwa kila saa 24 ili kubana bando, mwizi ana usiku mzima. Kiwango cha Ulaya EN 50136 kimeweka ngazi hizi wazi: kwa njia moja, SP2 ni kuripoti hitilafu ndani ya saa 25, SP4 dakika 3, SP5 sekunde 90; kwa njia mbili, DP3 ni dakika 3. Huku kwetu si lazima kampuni iwe na cheti hicho. Namba zake zinafaa kama kipimo: uliza tu muda, kisha ulinganishe.

Faiba

Faiba ndiyo ya haraka kuliko zote, na inapokuwa hai kontroo hujua habari zake kila dakika bila gharama ya ziada. Paneli haihitaji anwani maalum ya intaneti wala fundi wa kufungua milango ya ruta, kwa sababu yenyewe ndiyo inayotoka nje kuitafuta kontroo. Tumia waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye paneli. Wi-Fi ni ya pale waya unaposhindikana: moduli nyingi hushika masafa ya 2.4 GHz tu, na mtoto akibadilisha nywila, au mtoa huduma akileta ruta mpya, alamu inabaki nje ya mlango.

Ubaya wake uko kwenye umeme. Paneli ina betri, ruta haina. Kisanduku cha faiba na ruta pamoja hula wati 10 hadi 15. Watu hununua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta iliyoandikwa mAh 8,800 na kupiga hesabu kwa volti 12, wanapata saa saba au zaidi. Namba hiyo ni ya seli za ndani za volti 3.7: 8.8 mara 3.7 ni kama Wh (wati-saa) 32, ukitoa kinachopotea njiani unabaki na saa mbili, au mbili na nusu. Kwa mgao wa umeme wa saa nne haitoshi. Kwa waya, faiba nyingi mitaani zimetundikwa kwenye nguzo, mara nyingi zilezile za umeme. Lori likigonga nguzo, umeme na faiba vinaondoka pamoja, na mwizi mwenye koleo hahitaji hata ngazi ndefu.

Uliza pia ishara inapita wapi. Kontroo yenye seva mjini humo inaweza kukusikia hata nyaya za baharini zikikatika, maana data ya ndani huzunguka ndani. Mfumo wa programu ya simu ambao seva yake iko Ulaya au Asia utapoteza kichwa siku kama ile ya Mei 2024, ingawa taa zote za ruta yako ni za kijani.

SMS na simu kwa mwenye nyumba

Kwa banda, duka dogo au shamba ambalo hakuna kampuni inayofika, kisanduku cha SMS ni afadhali kuliko kimya. Zaidi ya hapo tusidanganyane. SMS haina ahadi ya muda. Simu yako iko kimya, chaji imeisha, au uko ndani ya ndege. Aliye Minneapolis na nyumba Kitengela ana bahati ya saa, maana saa tisa usiku ya Kitengela kwake ni jioni. Lakini akishaipata, atampigia nani? Kama jibu ni "shemeji anayekaa jirani", shemeji ndiye mfumo wako wa ulinzi, na namba yake ndiyo iwe ya kwanza kwenye orodha. Badilisha namba ya siri ya kiwandani siku hiyohiyo. Visanduku vingi huja na 1234 au 8888, na anayeijua pamoja na namba ya laini anaweza kuzima alamu kwa SMS akiwa amekaa kibandani.

Wanaoleta seti kutoka ng'ambo nao wasikilize. Paneli ya Marekani hutumia transfoma ya volti 120, itaungua kwenye 240. Moduli yake ya simu imetengenezwa kwa masafa ya mitandao ya kule. Vihisi vyake visivyo na waya huongea kwenye 345 au 915 MHz, vya Ulaya 868, na haviwezi kuchanganywa. Mzigo wa bei nafuu unageuka mzigo kweli.

Betri huamua yote

Kasha la paneli kwa kawaida lina betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7. Tuchukue nyumba ya kawaida: paneli mA 120, vibonyezo viwili mA 120, vihisi vinane vya mwendo kwa mA 12 kila kimoja ni 96, moduli ya simu mA 60. Jumla kama mA 400. 7 kugawa kwa 0.4 ni saa 17 na nusu kwenye karatasi. Kwa betri ya mwaka wa pili hesabu 11 hadi 12, bila king'ora. Ukiongeza redio, weka betri ya pili au ya Ah 18, na chaja iwe na uwezo wa kuijaza. Chaja ya paneli isome volti 13.6 hadi 13.8, chini ya hapo betri haijai, juu ya hapo inachemka. Nairobi betri hiyo hukaa miaka mitatu hadi minne. Mombasa, Tanga au Zanzibar, ndani ya stoo yenye joto, badilisha kila baada ya miaka miwili bila kusubiri 302. Andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Kisii, Kakamega na pande zote za ziwa, weka kizuia radi kwenye waya wa antena na kwenye umeme wa paneli, na kipate ardhi ya kweli. Bila ardhi ni pambo.

Sasa uchague

Nyumba ya kujitegemea, yenye uzio, ndani ya eneo ambalo gari la kampuni hufika kwa dakika chache: redio pamoja na laini. Zinakufa kwa sababu tofauti, na laini inafuta ule ububu wa saa 23. Tungechagua hivyo hata kama faiba ipo.

Ghorofa yenye jenereta ya pamoja, antena ya paa hairuhusiwi: faiba kwa waya, na laini kama ya akiba. Hakikisha kisanduku cha faiba kiko kwenye saketi ya jenereta. Mara nyingi kimechomekwa kwenye soketi ya sebuleni ambayo haimo.

Nyumba ya kupanga: seti isiyo na waya yenye faiba na laini ndani yake, utaondoka nayo.

Shamba au kiwanja cha mbali: laini mbili, antena ya nje juu ya fimbo, na kwanza upime kwa simu mbili pale uwanjani. Usinunue redio mpaka kampuni ije na kirushio cha majaribio na kontroo ikuthibitishie kiwango walichopokea, si "tunafika huko".

Jaribio la siku ya kukabidhiwa

Fundi akiwa bado hapo, piga simu kontroo uombe nyumba yako iwekwe kwenye majaribio. Zima swichi kubwa ya umeme na uiache imezimwa mpaka mwisho. Chomoa waya wa faiba, bonyeza kitufe cha hatari, uliza kontroo imepokea saa ngapi na kwa njia ipi. Rudisha faiba, toa antena ya laini, rudia. Kisha redio peke yake. Njia zote zikiwa zimerudishwa, chomoa moja kimyakimya na usimwambie mtu. Hesabu dakika mpaka kontroo ikupigie kukuuliza kuna nini. Muda huo, si ule wa kwenye kijikaratasi cha mauzo, ndio uandikwe kwenye mkataba. Washa umeme, angalia taa ya betri.

Kisha piga simu tena kontroo na uwaambie wakutoe kwenye majaribio, uandike jina la aliyepokea na saa. Nyumba ikisahauliwa humo, ishara zake zote hupokelewa vizuri kabisa, na hakuna gari linalotumwa.